Betri ya gari la muziki: Ununue ipi na uitunze vipi isikuache njiani Kibiti

KATIKA mji wa Kibiti, zaidi ya kilomita 120 kusini mwa Dar es Salaam kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, gari lenye spika juu ya paa si jambo la kushangaza. Asubuhi hutangaza mnada au siku ya chanjo, mchana huzunguka na habari za mkutano wa hadhara, na usiku huegeshwa uwanjani kupiga taarabu na singeli mpaka alfajiri. Msimu wa korosho unapofika, fedha zikaingia mikononi mwa wakulima, harusi na unyago huandamana na magari hayo hayapati kupumzika.

Gari hilohilo, hasa katika vijiji vilivyo mbali na lami, ndilo linaloombwa usiku wa manane kumkimbiza mgonjwa au mama mjamzito katika Hospitali ya Mchukwi. Hapo ndipo suala la betri linapoacha kuwa la starehe. Gari lililopiga muziki saa tano mfululizo huku injini imezimwa, haliwaki.

Mwandishi wa makala haya amewahi kusukuma gari la namna hiyo mchangani, saa tisa usiku, akiwa amevaa suti ya harusi. Gari lenyewe lilikuwa la gia za kujiendesha, kwa hiyo jasho lote lile lilikuwa la bure: gari la aina hiyo haliwashwi kwa kusukumwa.

Sababu ya msingi ni kwamba betri nyingi zinazouzwa kwa ajili ya magari hazikutengenezwa kupiga muziki. Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, na jumla yake ni volti 12.6. Ndani ya kila chumba mna bamba za risasi na za oksidi ya risasi zilizozamishwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji.

Katika betri ya kuwashia injini, bamba hizo ni nyembamba na nyingi ili zitoe umeme mwingi kwa sekunde chache tu. Stata huweza kuvuta ampea 150 hadi 300, lakini kwa muda mfupi kiasi kwamba betri hupoteza sehemu ndogo sana ya akiba yake, na alternata huirudisha mara moja. Ukiilazimisha betri hiyo itoe ampea 20 usiku kucha, bamba zake huanza kumeguka. Baada ya kukauka chaji namna hiyo mara chache kadhaa, haitakuwa ile uliyoinunua.

Betri za aina ya pili, ambazo wengi huziita betri za sola, zina bamba nene zinazostahimili kutumiwa kwa kina na kuchajiwa upya mara mamia. Wakazi wa visiwa vya delta ya Rufiji wanazifahamu vizuri kuliko wengi wa mjini, kwa kuwa taa, simu na redio zao kwa miaka mingi zimetegemea sola. Kuna jambo la kutafakarisha hapo: Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu zaidi kwenye mto huohuo kwa uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwaka 2024, ilhali chini ya mto wapo ambao bado hupiga muziki wao kwa betri.

Kosa la kwanza: kuamini wati za kwenye boksi

Kabla ya kwenda dukani, mwenye gari anapaswa kujua mtambo wake unavuta umeme kiasi gani. Maandishi ya boksi la amplifaya hayasaidii sana. Amplifaya iliyoandikwa wati 3,000 huenda isitoe hata robo yake.

Njia ya uhakika zaidi ni kutazama fyuzi zilizopachikwa kwenye amplifaya yenyewe. Tuchukue mfano wa amplifaya yenye fyuzi mbili za ampea 30. Jumla ni ampea 60. Ukizidisha kwa volti 13.5 unapata takriban wati 810 zinazoweza kuingia. Amplifaya ya kisasa ya daraja D hubadili karibu asilimia 80 ya hizo kuwa sauti, yaani wati 650 hivi. Ya daraja AB hubadili kiasi kinachozidi nusu kidogo, na sehemu inayobaki huwa joto. Ndiyo maana huchemka mpaka haigusiki. Wati 3,000 hazimo popote katika hesabu hiyo.

Muziki, hata hivyo, hauvuti kiwango cha juu wakati wote. Besi ikipiga, umeme hupanda, ikinyamaza, hushuka. Kwa muziki mzito wa dansi, ni busara kukadiria wastani wa theluthi moja ya kiwango cha juu, yaani ampea 20 katika mfano wetu. Matangazo ya maneno matupu kwa spika za honi huvuta kidogo zaidi, na ndiyo sababu gari la matangazo huweza kudumu na betri ya kawaida ambapo gari la disko haliwezi.

Sasa tuipime betri. Namba N50, N70, N100, N150 na N200 zilizozoeleka katika maduka ya vipuri ya Gerezani na kwingineko zinatokana na viwango vya Japani, na kwa kawaida namba ndiyo idadi ya ampea-saa. Betri ndogo za NS40 na NS60, zinazofungwa katika magari madogo ya abiria, huwa na takriban ampea-saa 35 na 45. Kwenye lebo za mtindo mpya, kama 55D23L, tarakimu 23 ni urefu wa betri kwa sentimita na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha upande iliko ncha chanya. Ukikosea herufi hiyo, waya za gari hazitafika, au fundi atazivuta kwa nguvu mpaka zikatike siku ya safari.

Ampea-saa hizo hupimwa kwa saa 20. N70 ina maana ya ampea 3.5 kwa saa 20, si ampea 70 kwa saa moja. Kadiri unavyovuta kwa pupa, ndivyo akiba inavyopungua kuliko ilivyoandikwa. Tena betri ya kuwashia haifai kushushwa chini ya asilimia 70 ya chaji yake iwapo unataka iendelee kuwasha gari. Kwa N70, kiasi unachoruhusiwa kutumia ni ampea-saa 21. Kwa wastani wa ampea 20, hiyo ni saa moja tu ya muziki.

Sherehe ya kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa nane. Nane mara 20 ni ampea-saa 160. Betri za sola hushauriwa zisishushwe chini ya nusu, kwa hiyo zinahitajika ampea-saa 320. Kwa lugha ya dukani, betri mbili za N200 zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hesabu hii ndiyo huwavunja moyo wengi.

Na kuzichaji je? Alternata za magari mengi madogo na ya kati hutoa kati ya ampea 60 na 100 injini ikizunguka kwa kasi, na pungufu sana gari likiwa limesimama linanguruma polepole. Taa, feni na mifumo ya injini huchukua ampea 20 hadi 40. Tuseme zinabaki 30. Kurudisha ampea-saa 160, pamoja na zile zinazopotea njiani, ni zaidi ya saa sita za mwendo. Safari ya kutoka Mbagala hadi Kibiti haifikishi hata nusu ya saa hizo. Paneli ya sola ya wati 200 iliyofungwa juu ya paa, kwa jua la saa tano lililokamilika, hurudisha kama ampea-saa 60 kwa siku.

Kwa hiyo, kwa anayepiga muziki mkubwa usiku kucha, jenereta ndogo ya petroli yenye chaja nzuri ni nafuu kuliko rundo la betri, na haoni haya yeyote kwa kuwa nayo. Betri mbili za N200 zinafaa kwa yule anayejua kwamba mchana atapata umeme wa TANESCO wa kuzichajia.

Betri ya pili isiyogusa ya kwanza

Iwapo gari lina kazi nyingine zaidi ya muziki, na Kibiti karibu kila gari lina kazi nyingine, mpango bora ni kuwa na betri mbili zenye majukumu tofauti. Ya kwanza, ya kawaida, iwe ya kuwashia injini tu. Ya pili, ya sola au ya AGM, ilishe amplifaya. Kati yake fundi umeme, yule tunayemwita rewaya, huweka rilei inayoziunganisha injini inapokuwa imewaka na kuzitenganisha inapozimwa. Muziki ukimaliza betri ya pili, sherehe inanyamaza, lakini gari linawaka. Kifaa hicho kina thamani ndogo kuliko betri moja, nacho ndicho ambacho wenye magari wengi hukiruka.

AGM ni betri ambayo asidi yake imefyonzwa na nyuzi za kioo zilizobanwa katikati ya bamba. Haimwagiki, huvumilia mtikisiko, na hutoa umeme mwingi kwa haraka, sifa ambazo besi huzipenda. Haivumilii kuchajiwa kupita kiasi, wala joto la boneti. Mahali pake ni ndani ya buti. Betri za jel huhitaji chaji ya volti ya chini zaidi na si chaguo zuri kwa alternata ya gari. Za lithiamu za aina ya chuma-fosfeti ni nyepesi na huruhusu kutumiwa asilimia 80 au zaidi ya akiba yake, lakini bei yake ni kubwa na huhitaji kifaa maalumu cha kuzichaji. Kapasita kubwa zinazong'aa, ambazo vijana huzipenda kwa taa zake, husaidia pigo moja la besi. Haziongezi hata dakika moja ya muziki.

Jambo moja lisilopaswa kufanywa ni kuchanganya betri kuukuu na mpya, au za ukubwa tofauti, katika muungano mmoja usio na rilei. Iliyochoka huivuta nzima chini.

Kwa malori ya volti 24, ambayo hubeba betri mbili zilizounganishwa mfululizo, mazoea ya kuchomoa volti 12 za redio na amplifaya kutoka betri moja ni sumu. Betri moja huishiwa, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na baada ya miezi michache zote mbili hufa. Kipo kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, na kinapatikana.

Dukani, beba mita ya volti. Betri mpya iliyokaa bila kuunganishwa inapaswa kusoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.4, imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa na imeanza kuharibika kabla hujailipia. Uliza tarehe ya kutengenezwa, na ukubaliane na muuzaji kuhusu dhamana kwa maandishi. Uzito nao husema kweli, kwa sababu risasi haina mbadala mwepesi: kati ya betri mbili zenye namba ileile, nyepesi zaidi kwa kiasi cha kushangaza ina risasi pungufu.

Waya ni nusu ya kazi. Kwa ampea 60 na umbali wa mita tano kutoka kwenye boneti hadi kwenye buti, waya wa shaba usiwe chini ya milimita 16 za mraba, na 25 ni bora. Waya mwingi wa bei nafuu ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu, ukiona weupe ndani, nunua namba inayofuata kwa ukubwa. Fyuzi ya waya huo ikae karibu kabisa na betri, kiasi cha shubiri moja hivi. Waya mnene usio na fyuzi, unaopita chini ya zulia na kuchubuka kwenye bati, huwasha gari moto kwa dakika chache.

Volti zikishuka chini ya 11 wakati muziki unapiga, sauti huanza kukwaruza, na mwenye gari huongeza zaidi akidhani spika zimechoka. Amplifaya iliyokosa umeme hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na mawimbi hayo yaliyokatwa ndiyo huunguza spika. Wengi wamenunua spika mpya kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye betri.

Joto, chumvi na mtikisiko

Ukanda wa pwani una maadui watatu wa betri. Joto ndilo kubwa. Kwa kanuni ya jumla, kila joto la betri linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine, umri wake hupungua karibu nusu. Chini ya boneti ya gari lililosimama juani, nyuzi 50 si ajabu. Ndiyo sababu betri inayodumu miaka mitano katika nchi za baridi huweza kuchoka hapa ndani ya miaka miwili. Egesha kivulini, na usiondoe ngao ya plastiki au ya kitambaa inayoizunguka betri katika baadhi ya magari. Haikuwekwa kwa urembo.

Joto hilo hukausha maji. Kwa betri yenye vifuniko, kagua kila wiki mbili wakati wa kiangazi, na kiwango kikipungua ongeza maji yaliyotoneshwa tu, mpaka kwenye alama, si zaidi. Hapa makosa mawili hutokea kila siku. La kwanza ni kuongeza asidi badala ya maji. Kinachopotea kwa mvuke ni maji, asidi hubaki. Ukiongeza asidi unaziunguza bamba. La pili ni maji ya kisima, ambayo katika vijiji vya delta yana chumvi. Chumvi hiyo huharibu bamba bila kutoa dalili yoyote kwa macho mpaka siku ambayo betri hukataa chaji.

Haidromita, kile kichupa cha kioo chenye mpira, bado ni mpelelezi hodari kuliko mita nyingi. Betri iliyojaa husoma takriban 1.265, ingawa baadhi ya watengenezaji huweka asidi hafifu kidogo kwa nchi za joto. Chumba kimoja kikisoma chini sana kuliko vingine vitano, betri hiyo haina tiba, hata fundi akiahidi.

Kwa betri zilizofungwa, tumia mita, baada ya gari kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni chaji kamili, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Injini ikiwaka, ncha za betri zisome kati ya volti 13.8 na 14.5. Chini ya hapo, kagua feni belti na alternata kabla ya kulaumu betri. Juu ya hapo, betri inapikwa.

Betri isiachwe usiku hata mmoja ikiwa tupu. Salfa ya risasi hujijenga juu ya bamba na kuwa fuwele ngumu isiyoyeyuka tena. Anayerejea kutoka kwenye sherehe alfajiri na kulala mpaka jioni, akisema atachaji kesho, anaitoa betri yake sadaka.

Hewa ya chumvi huzaa ukoga wa kijani na mweupe kwenye ncha. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa vizuri, kausha, kaza, kisha paka grisi. Na betri ibanwe kwa chuma chake. Ile inayocheza na kuegemezwa kwa kipande cha ndala haitamaliza msimu mmoja katika barabara za mashimo.

Kuna pia mwizi wa kimya: amplifaya ambayo waya wake mdogo wa kuiamsha umeunganishwa kwenye umeme wa moja kwa moja badala ya kupitia redio, hivyo hailali kamwe. Gari lililozimwa lisivute zaidi ya miliampea 50. Hata hizo 50 tu, kwa mwezi mmoja, ni ampea-saa 36, yaani nusu ya N70.

Tahadhari zisizo na mjadala: betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka hewani inapofikia asilimia 4 tu. Usivute sigara wala kumulika kwa kiberiti. Unapofungua, anza na hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Wakati wa kubusti kutoka gari jingine, waya wa mwisho, ule wa hasi, ufungwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu cheche hutokea hapo. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia.

Gari lililozama, kama yalivyozama mengi katika mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024, lisiguswe swichi. Ondoa betri kwanza, waya wa hasi ukitangulia, kisha mwite fundi.

Betri iliyokufa ina kilo kadhaa za risasi, nayo ina soko. Irejeshe dukani unaponunua mpya, ikiwa imesimama wima na asidi yake imo ndani, kwani wauzaji wengi hukata kiasi kwenye bei. Asimwage mtu asidi mikokoni, wala kuyeyusha bamba jikoni ili apate vizito vya nyavu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofunguliwa mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014 kiliacha risasi katika damu za watoto na watu wazima. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh bilioni 1.3 za Kenya, na shauri hilo lilipanda ngazi za rufaa hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wake kwa upande wa wakazi Desemba 2024.